Saa za Jioni za Mtoto ni za Nani?

Mara hii, katika gazeti letu dogo hapa Nakivale, hatuandiki habari za mkutano wala za kwaya. Tunaandika juu ya swali tuliloletewa mlangoni mwa kanisa na mama mmoja, na siku hiyo hatukuwa na jibu la kumpa. Hata leo jibu letu ni nusu, ila tumeona ni heri tulifikiri mbele yenu kuliko kulificha katika kamati.

Ilikuwa mwaka 2025, muhula wa tatu, siku ya Jumatano, yapata saa kumi na moja jioni. Watoto wa kikundi cha jioni walikuwa ndani wakisoma Kiingereza kwa sauti. Mama huyo alifika na jerikani mbili tupu, akasimama mlangoni bila kuingia kwa sababu miguu yake ilikuwa na tope. Akabisha hodi. "Wazee wangu, samahanini. Ninamtaka binti yangu."

Mmoja wetu akatoka, akamwambia kwa upole kwamba kipindi kinaisha saa kumi na mbili, avumilie kidogo.

"Baba, bomba halivumilii," akasema. "Foleni nimeiacha kwa jirani, nami nina mtoto mchanga mwenye homa nyumbani."

Hapo mwenzetu akafanya kile ambacho sisi watu wa kanisa hufanya tunapokosa neno: akatoa methali. "Mama, mkono mmoja haulei mwana. Nasi tunakusaidia kulea." Mama akamtazama, hakukasirika. Akasema, "Ndiyo, Baba. Basi huo mkono wa pili uje uchote maji." Akamwita binti yake, wakaondoka, kila mmoja na jerikani yake. Ndani wengine waliendelea kusoma kwa sauti kama kwamba hakuna lililotokea.

Kwa wale wasiotujua, sisi ni kamati ya kikundi hicho: walimu wawili, mzee mmoja wa kanisa, akina mama wawili, kiongozi wa vijana na mtunza hazina. Kikundi kilianza mwaka 2020, wakati shule zote za Uganda zilipofungwa mwezi wa Machi kwa ajili ya korona. Makanisa nayo yalikuwa yamefungwa. Tulikuwa tunakaa na watoto wachache wachache chini ya mti, mbalimbali, na kitabu kimoja kinazunguka. Tulidhani itakuwa kazi ya wiki chache. Kwa madarasa mengi shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili, na hakuna nchi nyingine iliyofunga shule muda mrefu hivyo. Tulioishi miaka ile hatuhitaji kukumbushwa ni mabinti wangapi hawakurudi darasani.

Shule zilipofunguliwa, tuliona si vema kuacha. Sababu ya kwanza ilikuwa lugha. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa na Kiswahili kule Uvira au Rutshuru, akifika hapa anakuta Kiingereza. Aliyekuwa darasa la sita anarudishwa la pili au la tatu. Kijana wa miaka 14 anakaa na watoto wa miaka minane, magoti yanagonga dawati kwa chini, na darasa lina wanafunzi zaidi ya mia moja mbele ya mwalimu mmoja. Watoto wa Burundi nao hupatwa na hayo hayo. Wengi huacha shule kwa aibu, wala si kwa kukosa akili. Tumeona kwa macho yetu kwamba saa moja na nusu ya Kiingereza jioni, mara tatu kwa wiki, mbele ya watu wasiocheka, inaweza kumwokoa mtoto wa namna hiyo. Sababu nyingine zilifuata zenyewe: mpira wa makaratasi na kamba, kushona, ngoma, bustani ndogo ya mboga nyuma ya kanisa. Wako wazazi wanaosema mpira ni kupoteza muda. Tunawaomba waje siku moja wamwone mtoto aliyefika hapa bila kusema neno miezi mitatu, jinsi alivyopiga kelele siku alipofunga goli.

Kwa hiyo tulijiona tuko upande wa mema. Mtu anayejiona upande wa mema hutunga sheria upesi, nasi tulitunga. Tuliandika kwamba mtoto atakayekosa mara tatu bila ruhusa jina lake litafutwa, kwa maana wengine wanasubiri nafasi. Tukaandika pia kwamba hakuna kuja na mtoto mgongoni, kwa sababu vichanga vinalia na kuvuruga somo. Sheria hizo zilipitishwa na sisi sote, hakuna aliyepinga, na wakati ule zilionekana za haki kabisa. Zilikuwa sawa kwa kila mmoja.

Mwisho wa muhula tukakaa kusoma majina yaliyofutwa. Yalikuwa sita, na jina la binti wa mama yule wa jerikani lilikuwa la nne. Mmoja wa akina mama wa kamati akayasoma polepole, halafu akayasoma tena. Akatuambia: "Hamwoni? Wote ni wasichana. Wote ni vifungua mimba. Na nyumba zao zote zina mtu mzima mmoja tu." Tulinyamaza. Sheria yetu iliyokuwa sawa kwa wote ilikuwa imepita katikati ya watoto kama ungo, ikawachuja wale wale ambao kwa ajili yao tulisema tumeanzisha kikundi. Wavulana wavivu waliokuwa wakija kwa ajili ya mpira tu walibaki wote.

Tangu siku hiyo swali la mama likawa la kwetu. Saa za jioni za mtoto ni za nani? Asubuhi inajulikana, ni ya shule. Usiku ni wa usingizi. Lakini hizi saa mbili tatu kati ya kengele na giza, nani ana haki ya kuziita zake?

Wa kwanza kujibu alikuwa mzee wa kanisa, naye alisema ni za mzazi. Alitukumbusha jinsi walivyolelewa kwao. Miongoni mwa Wabembe kijana alikaa lubunga pamoja na wanaume, akisikiliza kesi, akitumwa moto na tumbaku, na huko ndiko alikofunzwa utu. Msichana alifunzwa jikoni na njiani kwenda mtoni. Hapakuwa na kikundi cha jioni kwa sababu jioni yenyewe ilikuwa shule. Kuchota maji, alisema mzee, ni somo pia, na mtoto asiyejua uzito wa maji hataheshimu anayeyaleta.

Tunakubali nusu ya maneno hayo. Kazi ya nyumbani hulea. Lakini lubunga ilikuwa na wazee waliokaa. Hapa wazee wengi wako wapi? Wengine walizikwa njiani, wengine wako kwenye kibarua cha kulima mashamba ya wenyeji mpaka jioni, wengine wameshindwa na pombe. Mto haukuwa na foleni. Msichana alikwenda mtoni na wenzake wakiimba, akarudi. Hapa anakaa mbele ya bomba akilinda jerikani isisogezwe nyuma. Kipimo cha chini kabisa kinachotumiwa na mashirika wakati wa dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu sita inahitaji lita 90, ndiyo jerikani nne na nusu, na kila jerikani ya lita 20 ni kilo 20 kichwani. Ukimpa kazi hiyo msichana mmoja kila siku, sijui kama bado tunaweza kuiita somo. Tunasema "sijui" ingawa tunaandika kama sisi wengi, maana hapo kila mmoja wetu lazima ajijibu mwenyewe.

Mwalimu wetu mmoja akajibu kinyume, kwamba saa hizo ni za mtoto. Alikuwa na karatasi za semina aliyoihudhuria, akatusomea habari za Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1994. Kifungu cha 12 kinamtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Tulifurahi, tukadhani tumepata hukumu. Lakini mzee akaomba karatasi, akavaa miwani, akaendelea kusoma mwenyewe mpaka kifungu cha 31. Huko mkataba huo huo unasema mtoto ana wajibu kwa familia yake, kulingana na umri na uwezo wake, na kwamba awasaidie wazazi wanapohitaji. Mzee alicheka sana. Lakini tulipokwisha kucheka tuliona kwamba walioandika mkataba ule hawakusahau kitu. Walijua kwamba mtoto wa Kiafrika amesimama kati ya mambo mawili ya kweli, mchezo wake na mama yake, na wameyaandika yote mawili bila kusema lipi lishinde siku yatakapogongana mlangoni mwa kanisa saa kumi na moja jioni.

Sisi tumefika mahali tofauti kidogo na wote wawili. Tunaona kwamba kosa letu lilianza tulipodhani ugomvi ni kati ya mama na mtoto. Tulijifanya mawakili wa mtoto dhidi ya nyumba yake. Lakini mama yule hakuwa adui wa kitabu. Aliwahi kumleta binti yake mwenyewe, siku ya kwanza, akiwa amemsuka nywele. Kilichogongana ni sisi na bomba. Tulichukua saa mbili za kazi kutoka katika nyumba isiyo na saa za akiba, tukaziita saa za maendeleo ya vijana, na hatukurudisha kitu mahali pake. Aliyechukua mkono wa mtu akamwachia mzigo ule ule hajamsaidia kulea.

Hapa tunataka kuwakumbusha habari moja ya zamani inayowahusu wote wanaofundisha shule ya Jumapili, maana wengi hawaijui. Robert Raikes alikuwa mwenye gazeti katika mji wa Gloucester, Uingereza. Mwaka 1780 alianza kukusanya watoto wa maskini na kuwafundisha kusoma. Wengine walikuwa wamejaribu jambo hilo kabla yake, lakini kwa sababu yeye alikuwa na gazeti, habari zake zilienea (tunaomba wasomaji walitie hilo moyoni kila mara gazeti hili linapoomba mchango wa karatasi). Kwa nini Jumapili? Kwa sababu watoto wale walifanya kazi siku sita, wengine katika viwanda vya pini, na Jumapili tu ndiyo waliyokuwa huru. Raikes hakuanza kwa kuwaambia wazazi maskini wawatoe watoto kazini siku ya Jumanne. Alitafuta siku ambayo mtoto anayo kweli. Na jambo la pili: wanawake wanne aliowaweka kufundisha aliwalipa, shilingi moja kila mmoja kwa Jumapili. Kumbe hiyo shule ya Jumapili tunayoijua leo kama kazi ya kujitolea ilianza na walimu wenye ujira.

Hatusemi Raikes alimaliza neno. Watoto wale walihitaji pia mtu wa kusema kwamba mtoto asifanye kazi kiwandani siku sita, na hilo lilichukua miaka mingi baadaye na watu wengine. Lakini alijua kuuliza swali ambalo sisi hatukuuliza: huyu mtoto ana saa gani?

Saa zenyewe zimepungua. Mnajua nyote. Mgao wa chakula ulianza kupunguzwa mwaka 2020. Mwezi wa Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilitugawa katika makundi matatu: wa kwanza wapate asilimia 60 ya mgao, wa pili asilimia 30, wa tatu waondolewe. Mwezi wa Mei 2025 shirika hilo likatangaza kwamba kwa kukosa fedha watu milioni moja katika makazi ya Uganda hawatapata tena. Mtu akisoma habari hizo mbali huko anaona chakula kimepungua. Sisi tunaoishi hapa tuliona watoto wamepungua. Mama aliyekuwa akipokea mgao, akashinda nyumbani, sasa yuko shambani kwa mtu. Aliyebaki na kichanga, kuni na maji ni nani? Ni kifungua mimba. Kwa hiyo mahudhurio ya kikundi chetu yalianza kushuka mezani pa watu wasiotufahamu, na sisi hapa tukaandika kwamba mtoto hana nidhamu.

Sasa tuje kwenye mchango, maana hapo ndipo kamati ilipokaribia kugawanyika. Palikuwa na pendekezo kwamba kila mzazi atoe shilingi 500 kwa muhula, za chaki na sabuni ya walimu wa kujitolea. Waliotetea pendekezo walisema kitu cha bure hakiheshimiwi, na kwamba tumezoea kupewa mpaka mikono yetu imesahau kutoa. Hilo si neno la kupuuzwa. Tumeona miradi mingi ikija na fulana na mabango, ikaondoka, na nyumba yake ikabaki ya mbuzi, kwa sababu hakuna aliyeiona kuwa yake. Waliopinga walisema nyumba iliyoondolewa kwenye mgao haiwezi kuombwa hata shilingi 50, na kwamba ni kazi ya mashirika kulipa. Wakaongeza kwamba vijana wetu wanaofundisha wamechoka kulipwa kwa "Mungu awabariki". Mmoja wao, mwalimu mzuri sana, alituacha akaenda mahali panapotoa motisha kidogo ya mwezi. Baadhi yetu tulimnung'unikia. Tulikosea. Kijana aliyefundisha miaka mitatu bila sabuni hakutudai, sisi ndio tuliokuwa na deni lake.

Mazungumzo hayo yalizunguka mpaka mtunza hazina alipofungua daftari la michango ili atuonyeshe nani ametoa nini. Palikuwa na majina ya waliotoa chaki, aliyetoa mabenchi mawili, muuza duka aliyetoa taa ya jua, kwaya iliyotoa sadaka ya siku moja. Tulilitazama kwa fahari kidogo. Ndipo yule mama wa kamati, yule yule aliyesoma majina sita, akauliza: "Na yule wa jerikani ameandikwa wapi?"

Mtunza hazina akasema huyo hakutoa kitu.

"Alitoa saa mbili za binti yake, mara tatu kwa wiki, muhula mzima mpaka aliposhindwa," akasema. "Wewe uliyetoa taa ulibaki na taa ngapi nyumbani? Yeye alikuwa na binti mmoja."

Tangu hapo hoja ya kwamba wazazi maskini hawachangii imekufa kati yetu, na hatuoni itakavyofufuka. Wao ndio waliokuwa wakichangia zaidi ya wote, kwa kitu ambacho hakuna daftari lililokiandika kwa sababu hakikupita mkononi mwa mtunza hazina. Na sisi wenye kutoa vitu vinavyoonekana tulikuwa tukiitwa wafadhili wa kikundi, tukasimamishwa mbele Jumapili tupigiwe makofi. Tunakumbuka habari ya Ruthu, mgeni katika nchi ya watu. Wavunaji waliacha masuke ayaokote. Ni jambo jema, na Boazi ni mtu mwema. Lakini tukisoma tena tunaona kwamba aliyeinama kutwa juani alikuwa Ruthu.

Baada ya hayo tulifanya mambo machache, tunayasimulia kama yalivyo. Sheria ya vichanga tumeifuta. Sasa wanakuja, wanalia, na msichana mmoja hubembeleza wawili huku akijibu maswali kuliko wengine wote. Sheria ya kukosa mara tatu tumeibadilisha: mtoto akikosa mara tatu, wawili wetu wanakwenda kwao, na wakienda wasiende mikono mitupu wala na hotuba. Siku ya Jumatano tumeihamishia Jumamosi asubuhi kwa wale wasioweza, ingawa Wasabato waliomo katika kikundi hawafurahi, nao wana haki, bado tunatafuta njia.

Jambo gumu lilikuwa zamu ya maji. Tuliamua kwamba siku za masomo, vijana wa kiume wa kwaya wenye baiskeli wachote jerikani mbili mbili kwa nyumba nane zenye mtu mzima mmoja. Msidhani lilipokelewa kwa shangwe. Kijana wa kiume kuonekana akipeleka maji kwa mjane mara tatu kwa wiki! Maneno yalianza bombani kabla jerikani hazijajaa. Mzee wa kanisa, yule wa lubunga, ndiye aliyeyamaliza. Alikwenda yeye mwenyewe siku ya kwanza na ya pili akiisukuma baiskeli, na miaka yake yote ile, mpaka wasemaji wakaona haya. Tulipomuuliza kama amebadili mawazo juu ya jioni kuwa ya mzazi, alisema hapana, na ndiyo maana amepeleka maji kwa mzazi.

Zamu ilikwenda vizuri wiki saba. Ilipofika wakati wa kupanda, vijana walikwenda mashambani, ikakatika, na wiki mbili wale wasichana hawakuonekana tena. Imerudi sasa, kwa nyumba tano badala ya nane. Baiskeli moja imevunjika, na spea zake hapa ni ghali.

Mashirika je? Hatuwaachilii. Bomba moja zaidi katika kijiji chetu lingefanya kazi kuliko kamati kumi, na tumeandika barua kupitia mwenyekiti wa kijiji kwenda ofisi ya makazi. Mwalimu wa jioni kupewa motisha ni haki yake, na kanisa halipaswi kulifunika hilo kwa wimbo. Lakini barua husafiri polepole, na mtoto wa miaka 14 ana jioni chache sana kabla hajawa wa miaka 17. Hatuwezi kumwambia akae kando mpaka barua ijibiwe. Wala hatutaki kazi yetu iwe sababu ya mtu ofisini kusema, hawa wanajimudu. Haya mawili hatujui kuyapatanisha vizuri, tunayabeba yote.

Na binti yule? Majina sita tumeyarudisha daftarini. Wanne wamerudi wenyewe. Mmoja ameolewa, na umri wake hatupendi kuuandika. Huyu wa jerikani tulimfuata nyumbani, wawili wetu, na sabuni na unga kidogo. Mama yake alitupokea vizuri, akatupa kiti kimoja alichokuwa nacho, tukapokezana. Alisema binti amepelekwa kwa shangazi yake Rubondo, analea watoto wa huko ili yeye mama aweze kwenda shambani na kichanga mgongoni. Hakutulaumu. Tulimwomba msamaha kwa jina lililofutwa, akasema, "Wazee wangu, hata mimi nilikuwa nimemfuta, kwa sababu ya maji." Tumetuma neno kwa ndugu wa kanisa la Rubondo wamtafute na kuona kama huko kuna mahali anapoweza kukaa na kitabu jioni, na nani atamshikia watoto.

Mdogo wake wa kiume, wa miaka tisa, anakuja kwetu sasa. Anafika na jerikani, anaiweka chini ya dirisha, na kijana wa zamu huipitia hapo.

Daftari la michango limeongezewa ukurasa wa saa. Mstari wa kwanza ni wa mama yule, ingawa alikataa tusiuandike. Mtunza hazina analalamika kwamba saa na shilingi hazijumlishiki, na kwamba mkaguzi wa kanisa atakapokuja mwezi wa Desemba atauliza. Tumemwambia aache mahali pa jumla wazi. Mwenye baiskeli kuukuu, au gurudumu la mbele tu, amwone kiongozi wa vijana Jumapili baada ya ibada.